Nei Aotiti na Ndoo Mbili

Kwenye mlango wa ofisi yake pameandikwa kwamba Nei Aotiti, yaani Bi Aotiti kwa lugha ya hapa, ni mratibu wa utafiti wa homa ya ini. Mtaani kwetu Bikenibeu, kusini mwa Tarawa, hakuna anayemwita hivyo. Sisi majirani tunamwita Bi Barafu, kwa sababu kila tukimwona yuko na boksi la barafu. Mara limefungwa nyuma ya pikipiki, mara amelipakata ndani ya basi, mara analisukuma kwenye toroli la uwanja wa ndege huku akizozana na mtu wa mizigo.

"Hili haliwekwi chini ya masanduku, kaka."

"Bi Barafu, kila safari maneno ni hayo hayo."

"Na wewe kila safari unanibishia hivyo hivyo. Mwisho watu watasema tumeoana."

Nimekaa nchi nyingi na nimekutana na watu wengi wenye vyeo virefu. Wachache tu waliweza kunieleza kazi yao wakaishia hapo. Yeye aliniambia, "Kuna watu wanaohitajiana na hawajuani. Mimi nawaunganisha, na nahakikisha damu haiharibiki njiani." Melbourne wapo wanasayansi wanaotaka kujua kirusi kinavyoishi ndani ya ini. Hospitali yetu wapo madaktari ambao hawana muda na maisha ya kirusi, wanataka dawa leo. Visiwani wapo wenye ini lenyewe. Na katikati ya wote hao kuna ndege ya kubahatisha, umeme unaokatika na bahari. Kitu kimoja kikikwama, simu inayolia ni ya Nei Aotiti.

Lakini haya siyaandiki kwa ajili ya simu zake. Nayaandika kwa sababu ya jambo alilolifanya kijijini Tebikeraoi, kisiwa cha Abaiang, ambalo mimi na wengine wengi hapa tunamshukuru kwalo mpaka leo.

Inabidi nianze na shemeji yake. Mume wa Nei Aotiti ni baharia wa meli za Wajerumani. Huja nyumbani, akakaa miezi michache, akarudi melini. Anayeiendesha nyumba akiwa hayupo ni mdogo wake, Ten Tiaon, yaani Bwana Tiaon, mgema. Asubuhi na jioni alikuwa akipanda minazi yake na kugema tembo, na watoto wa shemeji yake wamekua kwa tembo hilo tamu lisilochacha. Mgema wa hapa huimba akiwa juu, ili walio chini wajue yupo na wasije wakaoga hadharani. Tiaon hakuimba tu, alitania pia.

"Shemeji!" angepaza sauti kutoka kileleni. "Saa hii bado unachana nywele? Virusi wako wataandika barua ya kujiuzulu!"

"Shuka kwanza ndiyo uniseme! Mwanamume mzima amejificha kwenye makuti!"

Kwa watu wa hapa, shemeji ni mtu wa kutaniana naye bila mipaka, na hawa wawili walikuwa mabingwa.

Kisha Tiaon akaanza kuchoka. Alipanda nusu ya mnazi, akapumzika, akashuka. Macho yakawa ya manjano. Nei Aotiti mwenyewe ndiye aliyepeleka damu yake maabara, na mwenyewe ndiye aliyesoma majibu: kirusi cha B na kirusi cha D, vyote viwili.

"Nilikwenda kutafuta mmoja nimepewa wawili," Tiaon alisema. "Angalau sijapata hasara."

Cha B kina kidonge cha kila siku cha kukituliza. Cha D kidonge hicho hakikigusi. Kulikuwa na dawa mpya ya sindano iliyokuwa bado ikijaribiwa, na wanasayansi wa Melbourne walikuwa na mpango wa hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa kukusanya damu visiwani ili wajue D wa huku ni wa aina gani na anaishije. Hatua ya pili ilikuwa kuleta dawa yenyewe ijaribiwe hospitalini, lakini ingeletwa tu katika nchi ambayo ingekamilisha ya kwanza kabla ya mwisho wa Juni. Nchi nyingine zilikuwa zinasubiri kwenye foleni. Tarawa ilikuwa imetoa watu wake. Ilibaki sehemu ya Abaiang, na tumbo la Tiaon lilikuwa limeanza kujaa maji.

Nei Aotiti akaenda Tebikeraoi, kijiji cha mama yake. Alifuatana na Daktari Renata, mwanasayansi kutoka Melbourne, mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa urahisi, na Ten Ioteba, fundi wa maabara yetu, ambaye huongea kama mtu anayelipia kila neno.

Waliingia maneaba, jumba kubwa la mkutano, wakawapa wazee tumbaku ya msokoto kama inavyopasa, wakaketi mikekani. Msemaji wa wazee alikuwa Ten Kamoriki, babu mkubwa wa ukoo wa mama yake Aotiti. Renata alieleza, Aotiti akatafsiri. Watu walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza mahubiri ya kasisi mgeni.

Mzee mmoja akauliza, "Damu yetu mtaiuza?"

"Hapana, babu."

Mwingine akasema, "Zamani walikuja wengine na sindano. Wakachukua, wakaondoka. Hatujasikia hata kikohozi chao."

Nei Aotiti akaona maneno ya Renata hayawafikii, akaamua kueleza kwa njia yake. "Huyu D ni mdogo sana, tena yuko uchi. Hana koti. Bila koti ini halimfungulii mlango. Sasa mwenzake, B, ana makoti mengi, anayashona bila kupumzika. D akimkuta B mwilini anamwambia: ndugu yangu, nipe koti lako."

Kisha bibi mmoja kwenye nguzo ya nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe amempiga bubuti!"

Jumba zima likaangua kicheko. Bubuti ni ombi ambalo halikataliwi. Ndugu yako akikuomba kwa bubuti shati, baiskeli au nguruwe, unatoa, na ukikataa aibu inakuwa yako. Mimi nimeomba chumvi kwa lugha saba, na kote huko niliweza kuambiwa hakuna. Hapa ukiomba kwa neno hilo, jibu umeshapewa.

"Na B hawezi kukataa?" mtu akauliza huku akifuta machozi ya kicheko.

"Atakataaje? Mbele za watu!"

Wakacheka tena. Lakini kicheko kilipoisha, hakuna aliyenyanyuka. Waliangalia mikeka. Jua lilikuwa limeshapinda, na barafu ya kwenye maboksi ilikuwa inayeyuka nje kwenye kivuli cha ukuta. Nei Aotiti alinieleza kwamba wakati ule hakuwaza sayansi. Aliiona akilini miguu ya Tiaon, iliyokuwa myembamba kuliko mikono yake. Akaweka viganja vyake juu ya mkeka na kusema:

"Babu zangu, mama zangu, mimi ni mtoto wenu. Nawapiga bubuti. Nipeni damu yenu."

"Umesema," Ten Kamoriki akajibu.

Watu wakasimama, wazee kwanza, kisha wanawake, kisha vijana. Foleni ikatoka maneaba mpaka kwenye zahanati. Renata hakuelewa kilichotokea. Alimshika Aotiti mkono akamwambia, "Ile hadithi ya koti! Nitaitumia kila mahali."

Siku iliyofuata foleni iliendelea. Karibu kijiji kizima walikuwa wameshatoa damu ilipofika zamu ya Nei Tabita, mke wa katekista, mwanamke wa makamo. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono. Mkono ulikuwa unatetemeka hata mpira wa kufungia ukashindwa kukaa.

"Mama mdogo, unaogopa sindano?" Nei Aotiti akamuuliza.

"Siogopi sindano. Nilitolewa damu nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, na mtoto hakuishi. Najua si sindano iliyomuua. Kichwa kinajua. Mkono ndio haujui."

"Sasa kwa nini umekuja?"

Nei Tabita alishangaa. "Si umenipiga bubuti mbele ya kijiji? Ulitaka niseme nini, mwanangu? Nijikunje chini ya mkeka nijifanye mto?"

Foleni yote ikacheka. Nei Aotiti hakucheka. Alifungua mpira, akamwambia, "Nenda kanywe chai, mama mdogo. Nitakuita." Kisha akatoka nje, akamkuta Renata ameketi juu ya boksi la barafu akila shelisheli la kuchoma.

"Damu hii hatuwezi kuitumia," akamwambia.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Niliichukua kwa nguvu."

Akamweleza bubuti ni nini. Renata akaacha kutafuna.

"Lakini wamesaini. Nimewaona wakisaini."

"Wangesaini hata kama ningewaomba mapaa ya nyumba zao."

"Wote?"

"Sijui. Labda wengine walitaka toka moyoni. Hilo ndilo siwezi kulijua tena."

Renata aliangalia baharini. "Ungeweza kuninyamazia. Nisingejua kamwe."

"Nimejaribu kunyamaza tangu jana. Nimeshindwa."

"Na shemeji yako?"

"Usimtaje shemeji yangu."

Wote wawili waliijua kanuni: damu isiyotolewa kwa hiari haiendi maabara, hata kama ni ya mtu mmoja. Kuichoma yote na kuanza upya kusingewezekana, kwa sababu vifaa vya kutolea vilikuwa vimekwisha na boti ya kurudi ilikuwa inakuja. Ioteba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bila kuonekana, akasema, "Barafu itahimili mpaka Alhamisi tu." Akarudi ndani.

Jioni Nei Aotiti alipata mtandao karibu na mnara wa simu, akampigia Tiaon. Hakutaka kumficha.

"Shemeji, huenda tukaikosa ile dawa."

"Meli imezama?"

"Mimi ndiye nimezama." Akamweleza.

Upande wa pili kukasikika kicheko kirefu, kisha kikohozi, kisha kicheko tena. "Kijiji kizima? Umekipiga bubuti kijiji kizima? Mimi ujasiri wangu wote uliishia kwenye pikipiki ya binamu!"

"Tiaon, sicheki."

"Nasikia hucheki. Sikiliza. Siku nitakayopanda mnazi tena, nataka nikiwa juu niitazame Abaiang bila kugeuza uso. Warudishie watu damu yao."

"Na usipopanda tena?"

"Basi mtakunywa chai badala ya tembo. Kata simu, unamaliza salio."

Asubuhi akaenda nyumbani kwa Ten Kamoriki. Mzee alikuwa juu ya kitanda chake cha nje, kile cha miguu mirefu kisicho na kuta, anasokota kamba ya makumbi. Nei Aotiti aliketi chini yake, akaeleza kwamba anataka kuondoa bubuti.

Mikono ya mzee ikasimama. "Bubuti haiondolewi."

"Babu, nilikosea."

"Hukukosea. Uliomba, ukapewa. Nikikupa mtumbwi wangu, kesho yake ukaja ukasema chukua mtumbwi wako, umenitukana. Watu watasema damu yao imeonekana mbovu. Watasema binti wa Tebikeraoi amekuja na Mzungu wake kututia aibu."

"Lakini wapo ambao hawakutaka."

"Bila shaka wapo. Unadhani mimi mtoto?"

Mzee akaendelea kusokota. Aotiti akauliza, kama mtu anayeuliza jambo lingine kabisa, "Babu, mtu akipigwa bubuti na moyo wake haupo, hufanyaje?"

Ten Kamoriki akacheka mpaka meno machache aliyobaki nayo yakaonekana. "Hujificha! Au huficha kitu. Kila mtu anajua. Binamu yangu wa Tarawa akionekana kwenye boti, kuku wangu wenyewe hushika njia ya kichakani, siwafukuzi."

"Na hakuna anayekasirika?"

"Nani atamkasirikia kuku? Mgeni anajua wapo, mimi najua anajua. Tunakunywa chai. Pasipokuwa na mahali pa kuficha kitu, watu hawawezi kuishi kijiji kimoja."

Nei Aotiti akainuka. "Basi nisaidie kuwapa mahali pa kuficha."

Alichokipanga kilikuwa chepesi hata Renata alimtaka akirudie, akidhani amekosa kitu. Bubuti isingeondolewa. Nyuma ya zahanati wangetundika mkeka mkubwa wa majani ya mkadi kama pazia, na nyuma yake waweke ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya buluu na moja nyekundu. Kila mtu angepewa kichupa chake, kimefungwa ndani ya karatasi ili kisionekane. Wachache ambao hawakuwa wametolewa damu, Nei Tabita akiwemo, wangepewa karatasi ya namna ile ile yenye kichupa kitupu, ili wasijulikane. Mtu angeingia nyuma ya mkeka peke yake, akatoka mikono mitupu. Ya buluu ingekwenda Melbourne. Nyekundu ingekwenda motoni.

Renata alipiga simu Melbourne, akawaeleza wasimamizi wa maadili ya utafiti kila kitu bila kupunguza. Wakauliza maswali, kisha wakasema wanakubali.

Ten Kamoriki mwenyewe ndiye aliyetangaza maneaba, na alitangaza kwa namna yake. "Binti yetu alituomba, tumempa. Hilo limekwisha, na aibu haipo. Sasa damu ya kila mtu iko mkononi mwake. Buluu inasafiri, nyekundu inaungua. Zote ndoo nzuri, zimenunuliwa duka moja. Na atakayemuuliza mwenzake ametia wapi, nitamtoa nje ya maneaba kwa mkono huu, hata akiwa mke wangu."

"Mkono huo hauwezi hata kufungua kopo!" mke wake akajibu kutoka upande wa wanawake, na kijiji kikaenda zahanati kikicheka.

Walipita mmoja mmoja. Kijana mmoja alikawia nyuma ya mkeka, wakaanza kumpigia kelele: "Wewe! Umeanza familia huko?" Alitoka anajikuna kichwa. Bibi mmoja aliingia akiongea peke yake na kutoka akiongea peke yake. Nei Tabita aliingia na kutoka upesi, na alipompita Nei Aotiti alimgusa bega kidogo, basi. Nei Aotiti alikaa muda wote akiwa ameupa mkeka mgongo, na ndoo zilikuwa na vitambaa mdomoni ili hata mlio usisikike.

Ioteba alifungua mifuniko baada ya mtu wa mwisho. Ndoo nyekundu haikuwa tupu hata kidogo. Ilikuwa na vichupa vingi kuliko alivyotarajia yeyote kati yao. Renata alihesabu vya buluu, akahesabu tena, akatikisa kichwa. Havikufikia idadi waliyotaka Melbourne.

Walivichoma vya nyekundu kwenye shimo la zahanati mchana ule ule. Nilipomuuliza Nei Aotiti alihisi nini, aliniambia: "Nilimfikiria Tiaon, nikalia. Halafu nikawafikiria wale waliotia humo. Wamepata tena mahali pa kusema hapana, na mimi ndiye niliyewanyang'anya kwanza. Nikashukuru kwamba moto ule ulikuwa na kitu cha kuunguza. Ndoo nyekundu ingekuwa tupu ningejua bado wananiogopa."

Kesho yake, wakati wanafunga mizigo, likaja lori. Nyuma yake waliketi watu wamebanana, na nyuma ya lori baiskeli kadhaa. Walikuwa watu wa kijiji cha ng'ambo ya mkondo, wale wale ambao siku chache kabla, timu ilipopita kwao, walikuwa wametoweka wote. Siku ile Aotiti alikuta mbwa na jiko linalofuka moshi. Kila mtu alikuwa ghafla ana kazi kwenye mashimo ya magimbi.

Mwanamke mnene akashuka kwa shida, akajifuta vumbi. "Tumesikia huku kuna mahali pa kukataa."

"Ndiyo, mama. Nyuma ya mkeka ule."

"Hakuna anayeona?"

"Hakuna."

"Basi," mwanamke akasema, akikunja mkono wa blauzi, "tumekuja kukubali."

Vifaa vya kutolea damu vilikuwa vimekwisha. Nei Aotiti akampigia rubani, akampigia mtu wa mizigo wa Tarawa, yule wa kuzozana naye kila safari, akamwambia, "Kaka yangu, leo siji na maneno. Nina shida." Boksi la vifaa likaja na ndege ya mchana, limewekwa kwenye kiti cha abiria na kufungwa mkanda. Mpaka leo Nei Aotiti hapiti uwanjani bila kumletea yule bwana maandazi.

Idadi ya ndoo ya buluu ikatimia kabla ya mwisho wa Juni. Baadhi ya watu wa ng'ambo nao walitia nyekundu, na hakuna aliyeuliza.

Kabla ya boti kuondoka, Ten Kamoriki alisimama mbele ya Renata, ameegemea fimbo. "Binti," akasema, "umetuomba, na sisi tuna haki ya kuomba. Nakupiga bubuti. Majibu usiyatume kwa barua. Njoo mwenyewe, uketi pale ulipoketi, utuambie kwa mdomo wako mlichokiona kwenye damu yetu."

Renata akamgeukia Aotiti. "Naweza kukataa?"

"Huwezi."

"Hakuna mkeka?"

"Mkeka ni wa wenyeji."

Renata akacheka, akainama, akasema atakuja.

Na alikuja. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita, na hatua ya pili ilikuwa imeshaanza hospitalini Tarawa. Tiaon alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupimwa na kukubaliwa. Alidungwa sindano kila siku, akalalamika kila siku, akawaita wauguzi majina ambayo siwezi kuyaandika. Kwa wengine dawa haikufanya kitu. Kwake ilifanya. Maji ya tumbo yakapungua, macho yakarudi meupe. Daktari bado hamruhusu minazi mirefu, na Tiaon huutangazia ulimwengu kwamba daktari huyo hajui mnazi mrefu ni upi.

Safari hiyo ya Renata nami nilikwenda, nimebebeshwa mabegi. Tiaon alikuja pia, na nguruwe aliyemnunua kwa pesa za kaka yake. Renata aliketi pale pale, akawaeleza watu wa vijiji viwili walichokiona: D wa visiwa hivi ana tabia zake, hafanani kwa kila kitu na yule wa mbali, na kwa sababu hiyo sasa wanajua nani apimwe mapema na dawa ya namna gani imfae. Nei Aotiti alitafsiri. Waliuliza maswali mengi, mengine makali. Mzee mmoja alitaka kujua kama sasa mjukuu wake anaweza kuoa bila hofu, na Aotiti alimjibu kuhusu chanjo ya kumzuia B kwa muda mrefu, kwa subira, bila kumchekesha.

Walipomaliza, Tiaon akaomba kusema. Alisimama, akawatazama, akashindwa. Mtu mwenye ulimi kama ule! Alikuwa amekuja kuwashukuru waliotia ndoo ya buluu, na pale aliposimama ndipo alipotambua kwamba hajui ni akina nani. Hakuna aliyewajua. Hata shemeji yake siku ile aliketi akiwa ameupa mkeka mgongo.

"Shemeji," Nei Aotiti akamnong'oneza, "umemezwa na nani?"

Tiaon akaacha kutafuta maneno. Akaanza na Ten Kamoriki, akampa mkono, akasema, "Ko rabwa. Asante." Akahamia kwa aliyefuata. Akazunguka jumba lote, mkeka kwa mkeka, wanaume kwa wanawake, wa hapa na wa ng'ambo, anainama kwa kila mmoja na kusema neno lile lile. Ilichukua muda. Nguruwe alikuwa ameiva na hakuna aliyemharakisha Tiaon.

Alipofika kwa Nei Tabita, mama yule alikizuia kiganja chake.

"Baba, mimi huenda nilitia nyekundu."

"Huenda," Tiaon akasema. "Asante, mama."

Akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, kisha akaenda kwa aliyeketi pembeni yake.